Daraja la Ouani na Mto Usioganda

Fundi Dhoihir Soidri anastaafu tarehe 31 Machi 1990, baada ya miaka ishirini na minane katika kazi za barabara, kumi na miwili ya mwisho hapa Mutsamudu, pamoja nasi wa kikosi chake. Daraja lake la muda, lililopewa miezi kumi na minane ya kuishi, limeingia mwaka wa tisa. La kudumu bado linakuja kutoka makao makuu Moroni. Tusiulize limepanda chombo gani.

Kwao ni Ikoni, kisiwani Ngazidja, na Ngazidja, kama mjuavyo, haina mto: mvua ikinyesha, miamba inainywa. Kosa lake la 1981, katika daraja la kwanza, basi, lilikuwa la Kingazidja hasa. Jedwali la vipimo vya misingi, lililotoka nchi za baridi, lilidai kina cha sentimita themanini, ardhi isije ikaganda na kuuinua msingi. Dhoihir alicheka, nasi tukacheka: barafu yetu ni ya kununua sokoni Volo Volo. Akalifuta sharti la baridi, akachimba arobaini. Saruji iliyobaki ilipelekwa kambini kwa mamluki waliomlinda rais, na nani angeidai?

Kuhusu baridi hakukosea. Alisahau tu kwamba kina kile cha themanini kingetukinga na mmomonyoko pia. Mvua kubwa ya kwanza ilikula sentimita sitini za mchanga, nguzo zikaning'inia, daraja likalala kifudifudi. Ouani, ng'ambo ya mto, ikatengwa na hospitali ya huku Mutsamudu. Bi Saandia, muuza ndizi ambaye binti yake mkubwa alikuwa na uchungu wa kuzaa, alimuuliza fundi, kwa sauti iliyovuka mto, kama kwao Ngazidja mito huwekwa birikani. Dhoihir aliingia majini, akawa mmoja wa wanne waliomvusha mgonjwa mabegani. Mtoto alizaliwa salama.

Moroni ikatuonya: likianguka la pili, sote kumi na wanne tukatafute kazi nyingine. Safari hii, kwa daraja hili la muda, alichimba mita moja na nusu, akazungushia vikapu vya waya vilivyojaa mawe, na kila baada ya mvua akashuka na ufito kupima mchanga ulioliwa. Sifa zilipokelewa Moroni, kama kawaida. Hapa alipata kilicho bora: Bi Saandia alimwoza binti yake mdogo, Moina, ingawa kwanza alisubiri misimu miwili ya mvua kulitazama daraja.

Sasa anahamia moja kwa moja nyumbani kwa mkewe, Ouani, ng'ambo ya kazi yake mwenyewe. Ahsante, fundi. Uishi kwa heri, uvuke kwa amani. Ufito tumeupokea; ukisikia mvua, lala. Tutashuka sisi.