Barua ya Liliane Kutoka Singapore

Nje ya duka la Yumna, huku Alief, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, kuna benchi la mbao na chupa ya kahawa ya tangawizi. Wanaolikalia ni watu waliotoka kazini na miguu iliyovimba. Alhamisi ile Nicodème alifika na viatu vyake vya ghala. Kijiweni wanamwita Mwalimu, maana Burundi alifundisha kemia katika shule isiyokuwa na maabara. Kwenye simu yake alikuwa na barua aliyotumiwa na binti yake, Liliane: kituo cha utafiti wa chipu za kompyuta Singapore kinamtaka. Jibu linatakiwa kesho.

— Singapore? — aliuliza Hemed, dereva wa teksi kutoka Unguja. — Kile kisiwa? Ukipiga chafya ushavuka mpaka!

— Hapo hapo ndipo palipojaa maabara, — alisema Nicodème. — Hawana mafuta, hawana dhahabu. Wamesomesha watu.

— Wapi, buda! — Rogers, Mkenya anayehudumia wazee, alijimiminia kahawa. — Hao wanasajili wasomi vile klabu husajili mastraika. Liliane ame-signiwa, basi.

— Mie nakwambieni ni maji, — alisema Hemed. — Wanayachuja mpaka mtoto anazaliwa anajua hesabu.

— Mtoto anayanywa kabla hajazaliwa? — aliuliza Nicodème.

— Mamake, bwana!

— Na hawalali, — Rogers aliongeza. — Wanalala kwa shift. Nusu ya nchi inakoroma, nusu iko kazi.

— Basi hata sisi ni Singapore, — alisema Nicodème, hoi.

Hakuna aliyecheka sana. Burundi nayo ni ndogo, aliwaza Nicodème, mbona mwanangu haitwi huko? Alikaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na miwili ili watoto wake wapate mahali pa kutulia, na sasa wa kwanza anafunga mizigo tena.

— Nitamkataza.

— Mkataze, — alisema Hemed.

— Mwache aende, — alisema Rogers.

Wakabishana hadi chupa ikabaki na mashapo. Mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu na mfuko wake wa unga, akingoja lifti, akawasogelea. Alijitambulisha kwa jina la Bertila, amehamia juzi kutoka mji wa Grand Prairie.

— Samahani, baba zangu. Huyo binti mwenyewe anataka nini?

Siku tatu nzima Nicodème alikuwa ameizungusha barua ile kichwani, na swali hilo hakuwa ameliuliza.

Akainuka, akaenda kando ya magari, akapiga simu.

— Lili, wewe unataka nini?

— I want to go, Papa. Nataka kwenda. Nilikuwa nangoja unikataze, ili nisilazimike kuchagua mwenyewe.

— Sikukatazi. Nenda, mwanangu.

Hakurudi benchini. Aliketi garini mlango ukiwa wazi, akalia kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akawasha gari kwenda kumwambia mama yake Liliane.