Samaki wa Shimoni

Ndani ya basi la mwendokasi la kwenda Kivukoni, Swaumu, muuza samaki wa soko la Feri, alikaa na bwana mmoja mgeni kutoka bara, aliyepakata deli tupu la kubebea samaki kwa barafu.

"Dhahabu ya kwetu imeisha, dada," bwana yule akaanza bila kuulizwa. "Kampuni imefunga mgodi, imetuachia shimo. Wakaja wataalamu, wakasema huu sasa ni mji endelevu: shimo tulijaze maji, tufuge samaki."

"Hongereni," Swaumu akasema. Mji umekosa dhahabu, umepata semina. Nani kama wao? "Na samaki wenyewe wamekubali?"

"Wamekufa wote. Na Jumamosi mgeni rasmi anakuja kuvua wa kwanza. Ndiyo nimetumwa Feri, nichukue waliotoka majini leo leo."

Swaumu alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Kaka, mtamvulisha mheshimiwa kibua wa baharini kwenye shimo la dhahabu! Basi muwekeeni na papa, apige naye picha."

"Cheka tu, dada. Nyie bahari yenu haiishi."

Kicheko kikamkauka. Siku hizi boti zinarudi na nyavu tupu, na yeye anauza samaki wa maboksi, waliogandishwa kutoka nje ya nchi, huku akiwaapia wateja kwamba wamevuliwa alfajiri.

Basi likasimama Kivukoni, milango ikafunguka. Swaumu akajifunga kanga yake vizuri.

"Njoo mezani kwangu," akasema. "Ila kabla hujawatia shimoni, subiri barafu iyeyuke."