Mama Birika Aulizwa Tarehe

Mhudumu wetu wa kanisa, tunayemwita Mama Birika, anastaafu Jumapili hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wasifu wake nimepewa mimi, fundi wa mabenchi. Kamati ilitegemea maneno matamu. Imekosea mtu.

Kazi yake ilikuwa birika la ubatizo. Alilisugua, akalijaza ndoo kwa ndoo kabla bomba halijafika, kisha akasimama ngazini na taulo. Watu zaidi ya mia nane wametoka humo wakitetemeka, akawafunika. Siku moja mchungaji mwenyewe aliteleza akazama. Mama Birika alimvuta kwa kola: "Baba, wewe si ulishabatizwa?" Tulicheka wote, isipokuwa katibu.

Sasa huyo katibu! Kwetu kila aliyeokoka huandikwa daftarini, siku na saa. Asiye na tarehe haombewi mbele ya kanisa akiagwa. Anachukua barua yake ofisini, basi. Wiki iliyopita walimwita Mama Birika wakamuuliza yake. Akasema haijui.

"Miaka yote unashika taulo, kumbe mwenyewe mkavu?" katibu akamkejeli.

"Mwanangu, tarehe sina. Zamani nilikuwa namwombea wifi yangu afe. Siku hizi namwogesha. Hapo katikati sijui kilitokea nini."

Wakamwambia barua yake itakuwa tayari Ijumaa.

Jamani, hivi mnasoma Biblia au mnaifuta vumbi tu? Yule mkubwa wa dini aliyemwendea Yesu usiku, akiuliza mtu mzima atazaliwaje tena, alielezwa habari za upepo: unausikia ukivuma, utokako hukujui. Hakuagizwa alete daftari! Mimi niliishia darasa la nne, na hilo nililielewa.

Wifi mwenyewe mnamjua. Ndiye aliyemtupia Mama Birika virago nje siku ya tatu baada ya mama wa watu kumzika mumewe. Baadaye akapooza upande mmoja, na wanawe wakamkimbia. Juzi aliposikia habari ya tarehe, aliomba asukumwe kwa kiti chake cha magurudumu hadi ofisini. Mdomo umepinda, ulimi bado upo.

"Andika," akamwambia katibu. "Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimejichafua tangu jana yake. Akaingia na beseni. Nikasema huyu kaja kunicheka. Akakunja mikono ya gauni, akaanza na miguu."

Katibu aliandika. Tena aone haya! Nani kati yetu anaikumbuka saa aliyozaliwa? Tuliambiwa na waliokuwepo.

Mama Birika, asante kwa taulo zako, hata ile uliyonichapa nayo nilipokanyaga sakafu mbichi. Nenda upumzike, umri uwe mrefu na magoti yasikuume. Jumapili utaombewa mbele, watu wote wakiona. Benchi la kwanza nimelikata ncha leo asubuhi, kiti cha wifi yako kipate kuingia kando yako. Kamati sikuiuliza.