Kwete Nyeupe ya Santina

OPERETA: Haloo Arua! Koboko iko kwa laini. Ongea haraka, bwana, hapa posta watu wamepanga foleni mpaka nje.

SATURNINO: Haloo? Hapa duka ya mabati. Nani anaongea?

SANTINA: Ni mimi!

SATURNINO: Mimi nani? Koboko iko na mimi mingi.

SANTINA: Saturnino, wacha mchezo. Bibi ya marehemu kaka yako.

SATURNINO: Aa, shemeji Santina! Sasa mbona unapiga kelele hivyo? Ungesimama tu kwa mlango yako, ningekusikia bila simu.

SANTINA: Laini inakwaruza, mimi nifanye nini? Habari ya Arua?

SATURNINO: Muzuri tu. Watoto?

SANTINA: Wazima. Dereva Sule amefika?

SATURNINO: Na mbuzi? Mbuzi hawajambo?

SANTINA: Saturnino! Nilimupa Sule jerikeni ya pombe asubuhi, ndani ya lori ya tumbaku—

SATURNINO: Ile ya njano, umefunika na jani ya ndizi?

SANTINA: Ndiyo hiyo. Umeonja?

SATURNINO: Tunasalimiana kwanza, shemeji. Kwenu hapana salimia watu?

SANTINA: Nitakupiga kupitia hii waya. Umeonja ama hapana?

SATURNINO: [anacheka] Niliona kwanza. Nikamwaga kidogo kwa kibuyu, nikaita vijana ya duka, nikasema: jamani, njoo muone, Koboko wamenitumia maji ya kuosha mchele.

SANTINA: Uwii!

SATURNINO: Nyeupe namna hii! Kwete gani hii?

SANTINA: Unga nimekaanga kidogo tu. Mama yangu alikaanga hivyo. Nyinyi kwenu munaunguza unga mpaka pombe inakuwa kama matope.

SATURNINO: Ile matope ndiyo ilikuleta kwetu kuolewa.

SANTINA: Nilikuja kabla sijaionja. Sasa sema. Mimi miaka mbili sasa sijatia pombe kwa mdomo, wewe unajua. Mjane hapana kuonja mpaka matanga iishe. Hii yote nimepika na pua. Naweka sikio kwa chungu nasikia inachemka, nasema, Mungu wangu, hapo ndani iko kitu gani? Ulimi ni wewe, shemeji. Mimi sina mwingine.

SATURNINO: Basi ngoja nikumbuke.

SANTINA: Unakumbuka nini? Umekunywa leo!

SATURNINO: Ndiyo shida yenyewe. Kibuyu ya kwanza nilionja. Ya pili nikaonja tena, maana ulimi unasahau. Ya tatu—

SANTINA: Umekunywa ngapi?

SATURNINO: Nne. Ile ya tano hapana hesabu, mutu mwingine alinisukuma mkono.

SANTINA: Na hiyo ni kuonja? [anacheka] Haya, basi iko muzuri?

SATURNINO: Mimi sijasema.

SANTINA: Saturnino, wacha. Jumamosi wazee watakaa kwangu kumaliza matanga. Wakitema hii pombe, matanga inabaki mpaka mavuno ingine. Mwaka mzima tena na hii kamba ya kilio kiunoni. Sina nguvu, shemeji. Nimechoka kabisa.

[laini inakwaruza]

SATURNINO: Santina.

SANTINA: Niko.

SATURNINO: Iko muzuri. Sikia, sitanii sasa. Inaingia pole, unafikiri ni kitu ya watoto. Halafu uchungu inakuja pale nyuma ya ulimi, kidogo tu, halafu inaacha utamu ya kimea. Unaweka kibuyu chini, mkono yenyewe inarudi kuchukua. Tangu turudi kutoka ukimbizini Sudan sijakunywa kwete kama hii. Kaka Constantino angelia.

SANTINA: Asante. Asante sana.

SATURNINO: Unalia?

SANTINA: Ni vumbi. Hii posta iko na vumbi.

SATURNINO: Vumbi ya Koboko inajua saa ya kuingia kwa macho. Wazee watakunywa mpaka wasahau njia ya kwao. Usiwe na wasiwasi. Na mimi nitakuja Ijumaa na shati mpya.

SANTINA: Shemeji, iko neno ingine.

SATURNINO: Chumvi? Sukari? Nibebe nini?

SANTINA: Loku amekuja Jumatatu.

SATURNINO: Loku mutoto ya baba mdogo? Alitaka nini?

SANTINA: Alizunguka nyumba. Akapima mlango na hatua, ati kitanda yake iko kubwa. Anasema matanga ikiisha tu, mjane ya Constantino ni wake kurithi. Ati wewe umekuwa mutu ya mjini, hutaki wanawake ya nyumbani.

SATURNINO: Nani amemwambia? Mimi nilimwambia lini? Mutu ya mjini! Mimi nalala chumba moja nyuma ya stoo ya mabati, mvua ikinyesha sisikii hata jina yangu!

SANTINA: Usikasirike.

SATURNINO: Sikasiriki. Na ile chumba, kwa habari yako, nimepaka rangi. Bluu. Wiki iliyopita.

SANTINA: Umepaka rangi ya nini? Kwa nani?

SATURNINO: Kwa panya.

SANTINA: [anacheka] Saturnino.

SATURNINO: Na kitanda nimenunua. Panya wa Arua wanapenda heshima.

OPERETA: Koboko, bado kidogo tu.

SANTINA: Tunamaliza, mama! Shemeji, nisikie vizuri. Jumamosi nitakunywa kibuyu ya kwanza mbele ya wote. Halafu watauliza: nani wa tumbo moja na marehemu atakunywa pili? Huyo akikunywa akasema, "Tumemwachia," basi mjane iko huru. Anakaa kwa nyumba yake na watoto wake. Wa tumbo moja ni wewe peke yako.

SATURNINO: Najua desturi ya kwetu.

SANTINA: Ile nyumba nilikanyaga udongo yake na miguu yangu. Sitaki kitanda ya Loku ndani.

SATURNINO: Hiyo naelewa. Loku aende na hatua zake.

SANTINA: Na sitaki... [laini inakwaruza] Shemeji, mimi sitaki mutu yeyote. Si kwa ubaya. Nataka kupika kwete yangu, niuze kwa mlango yangu, nilale, niamke. Wewe umenifanyia wema kuliko ndugu zangu. Ndiyo maana naogopa kukuomba.

SATURNINO: Nikisema "Tumemwachia," mlango inafungwa kwa Loku.

SANTINA: Ndiyo.

SATURNINO: Na kwangu pia.

SANTINA: Ndiyo. Haloo? Saturnino? Uko?

SATURNINO: Niko, niko. Nilikuwa namfukuza kijana hapa, anataka misumari.

SANTINA: Umeumia?

SATURNINO: Nimeumia, bwana. Usicheke.

SANTINA: Sicheki. Wallahi, sicheki.

SATURNINO: Wewe Mkristo, unaapa wallahi ya nani?

SANTINA: Ya majirani. [anapumua] Kama hutaweza, sema sasa. Sitakuchukia. Nitatafuta njia ingine.

SATURNINO: Iko njia gani ingine? Kukimbia tena Sudan na watoto mgongoni? Hapana. Nitakunywa pili.

SANTINA: Na utasema?

SATURNINO: Nitasema kwa sauti, Loku asikie mpaka kwa kisogo. Halafu nitaomba kibuyu ya tatu, maana ya pili itakuwa chungu.

SANTINA: Mungu akubariki, shemeji. Mungu akubariki sana, sijui niseme—

OPERETA: Koboko, muda umekwisha.

SANTINA: Mama, neno moja! Saturnino, usimalize ile jerikeni, utaumwa kichwa—

SATURNINO: Imeisha zamani! Santina, wewe kula, sawa? Na ufunge mlango, Loku asi—

[laini inakatika]

OPERETA: Haloo Arua? Koboko imekatika. Yule mama bado amesimama hapa dirishani, anafuta macho. Nikuunganishe tena?

SATURNINO: Wacha, mama. Nikimusikia tena, nitarudisha neno langu.