Ronald Karisa na Weupe wa Ubongo

Marehemu Ronald Karisa Mung'aro alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Kaloleni, mtoto wa tatu wa wazazi wetu, ambao wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akaenda Mombasa kwa sekondari na stashahada ya maabara, aliyohitimu mwaka 1991. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuduwaa. Ukimtuma kisimani, utamkuta anatazama maji yakitulia.

Aliajiriwa katika maabara ya utafiti karibu na Bondeni, huko huko Mombasa. Kazi yake ilikuwa kutenga mayelini, utando mweupe wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu. Alisaga ubongo wa mbuzi ndani ya maji ya sukari yaliyopozwa, akayamimina polepole juu ya maji ya sukari mazito zaidi, kisha akayazungusha kwa mashine. Mayelini ilitanda pale maji mawili yalipokutana, mstari mwembamba mweupe, naye aliutazama hadi chai yake ikapoa. Ubongo aliununua Makadara kwa Abdulbasit, mwenye bucha, aliyemtilia na ndimu.

"Supu yake yataka ndimu, bwana," alimwambia.

Ronald hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Nyumbani kwake ndimu hazikukosekana.

Tarehe 7 Desemba 1996 alimwoa Cynthia Kavumbi, wakakaa Bondeni kwa mapenzi na utani mwingi.

Mwaka 2019 miguu ilianza kumlegea. Madaktari walisema mayelini yake mwenyewe inaharibika. Akaomba jambo zito: akifa, ubongo wake upelekwe maabara, mayelini yake itengwe kama ile ya mbuzi. Cynthia alikataa.

"Niliolewa na mtu mzima, nitazika mtu mzima."

Nyumba ikapoa kwa miezi. Kisha Cynthia akaenda maabara mwenyewe, akamwomba Swafia, aliyefanya kazi na Ronald, amwonyeshe. Aliutazama ule weupe kwa muda mrefu.

"Na wake uko hivi?"

"Sote tuko hivi, dada. Ila wake umepungua, nasi twataka kujua kwa nini."

Alirudi, akampikia mumewe, akamwambia, "Haya, wape." Ronald alilia.

Alifariki usingizini alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Cynthia ameomba lisemwe wazi, asije mtu akalinong'ona: leo tunamzika Ronald bila ubongo wake, na mkewe ndiye aliyeutoa.

Ameacha mjane, Cynthia. Watoto wawili, Maxwell na Kadzo. Na mimi, dada yake. Apumzike kwa amani, hapa Kaloleni, na kule Mombasa alikobaki kidogo.