Fundi Vitanda na Ua Uliogeuzwa

Wasikilizaji wapendwa, kama unafuga mbuzi, nenda kwanza ukatazame kama bado yupo. Nitakusubiri.

Haya. Kaa sasa tumkumbuke mzee wetu tuliyemzika wiki iliyopita. Mtaa mzima tulimwita Fundi Vitanda. Maisha yake yote alitengeneza vitanda. Na uzeeni akafuga mbuzi watatu wasiofugika. Narudia: walikuwa watatu, na hawafugiki.

Tuanze na vitanda. Kabla hajamkabidhi mtu kitanda, alivua viatu akakilalia kwanza yeye mwenyewe. Mama mmoja mwenye magoti mabovu aliagiza kitanda, akaletewa kimeinuka kuliko alivyotaka. Akanung'unika. Fundi akamwomba akae, kisha ainuke. Yule mama akainuka bila kushikwa mkono. Akakichukua kitanda chake.

Na alikuwa na desturi moja ya kazi. Upande mzuri ni wa mtu mwingine. Vichwa vya misumari, viungo, mbao za kushikilia, vyote alivificha ndani. Alisema mbavu za kitanda hazimwangalii mgeni. Shikeni hilo, wapendwa, mbuzi wanakuja.

Waliletwa kwa ajili ya mjukuu. Binti yake wa mwisho aliniambia hivi: "Mwanangu alikuwa akinywa maziwa ya ng'ombe, anayarudisha yote. Alikonda mpaka naogopa kumwogesha. Baba akatoka. Jioni nikamwona anakuja, anamvuta mbuzi, na mbuzi naye anamvuta yeye."

Mtoto akanywa maziwa ya mbuzi. Yakakaa tumboni. Kwa hiyo elewa tangu sasa: mbuzi wale hawakuwa mapambo. Wakiondoka, maziwa ya mtoto yameondoka.

Kiongozi wao alikuwa jike mweupe mwenye sikio moja jeusi. Walimwita Shangazi, kwa sababu aliingia nyumba za watu bila hodi na kufunua masufuria.

Fundi alianza kwa kumfunga kamba. Shangazi akazunguka nguzo, akazunguka tena, mpaka ulimi ukamtoka. Fundi akaikata ile kamba akaapa hatamfunga tena kiumbe yeyote shingoni. Akajenga ua wa mbao. Shangazi akajifunza kuinua komeo la mlango kwa midomo. Fundi akaongeza komeo la pili, chini, lenye pini. Hilo likamshinda. Tukashukuru.

Kesho yake mbuzi walikuwa kwa jirani.

Fundi akaupandisha ua. Mbuzi wakatoka. Akaupandisha tena, akaukaza usiyumbe. Wakatoka. Alipokuwa amesimama pale wanamtazama kwa upole, wanatafuna. Akigeuka tu kufuata nyundo, uwanja mtupu. Mkewe alichoka. Nami nikisimulia nachoka. Siku moja mkewe alinifungulia mlango hata salamu hajanipa, akasema: "Mama, kumshauri huyu mzee ni kumpigia mbuzi gitaa. Na mbuzi mwenyewe ameshatoka."

Sasa huyo jirani. Jirani ni mshonaji. Anaishi peke yake na cherehani yake, ukuta kwa ukuta na ule ua. Wakati huo alikuwa ameshona mashati ya kwaya, ameyafua, ameyaanika. Shangazi akapita. Jumapili ile mwimbaji mmoja wa sauti ya nne aliimba ibada nzima mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi.

Mshonaji hakupiga kelele. Alikuja mpaka uani akaongea polepole, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Fundi, wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Huyu wako hana kamba. Basi ataishia wapi?"

Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaja, akatazama, akatoa neno la mwisho: mbuzi wakionekana nje tena, hata mmoja, wote wanaondolewa. Binti akasikia akiwa na mtoto mgongoni. Fundi akasikia. Akaenda kuongeza mbao.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Mshonaji miaka yote alizungumza na fundi kupitia juu ya ua au mlangoni. Ndani ya uwanja wa mbuzi hakuwahi kukanyaga. Siku hiyo alikanyaga, amekuja kusema kwamba mabomba yake ya maji yamehamishwa, wasiyagonge misumari. Fundi alikuwa amegeuka anatafuta tepu. Na mshonaji akamwona Shangazi kwa macho yake.

Kwa ndani, ua ule uliegemezwa kwa mbao za mshazari, kutoka chini hadi juu, zimekazwa vizuri sana. Shangazi akaweka kwato ubaoni. Akapanda taratibu kama bibi anayepanda ngazi za hospitali. Akafika juu, akatua upande wa pili. Ile njia ilikuwa imeng'aa kwa kwato.

Kila fundi alipoongeza ukuta, aliongeza na ngazi.

Mshonaji akamrudisha Shangazi kabla mtu mwingine hajaona, akarudi amemshika sikio. Akamuuliza fundi, kwa nini umeweka mbao za kuegemeza ndani? Kila mtu angeziweka nje.

Fundi alimshangaa. "Dada yangu, nje ni kwako. Nikuelekezee mbavu? Kila ukiamka utazame misumari?"

Mkewe alikuwa pale, ndiye aliyenisimulia. Anasema mshonaji alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na ugomvi ukampotea. Kisha akasema: "Umenijengea ukuta mzuri, ukawajengea mbuzi ngazi. Geuza, fundi. Mbavu nitazitazama mimi."

Wakaugeuza. Yeye mshonaji alishika ncha moja ya kila ubao, fundi ncha nyingine. Fundi alinung'unika kutwa nzima kwamba kazi inaelekea kinyume kama shati lililovaliwa ndani nje. Lakini alipomaliza alipitisha msasa kwenye kila ubao wa upande wa jirani, akazilainisha kona zote, vitambaa visikwame. Akamwambia mshonaji: "Sasa ngazi ziko kwako. Wakija, watarudi wenyewe."

Hawakuja. Mbuzi walibaki ndani. Mtoto akaendelea kunywa, na leo anakimbia. Mshonaji huanika mashati yake kwenye zile mbavu.

Basi siku ya maziko. Watu walijaa, wanaingia na kutoka kwa mlango wa uani, wakifuata viti. Tumekaa kimya, ghafla Shangazi huyo, katikati ya waombolezaji, ananusa kofia ya mtu. Na mwenyekiti wa mtaa ameketi pale mbele. Mjane akamtazama mwenyekiti. Binti akamvuta mwanawe karibu.

Mshonaji akainuka. Akamshika Shangazi sikio lile jeusi, akasema mbele yetu sote: "Ua wa fundi haukushindwa. Leo katoka mlangoni kama watu. Mlango tumeuacha wazi sisi wageni."

Kisha akauliza taratibu ni nani aliyepita mwisho kwenda kuleta viti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Viti alivileta yeye.

"Mbuzi gani?" akasema mwenyekiti. "Mimi sijaona mbuzi."

Mjane akacheka na kulia kwa pamoja. Ndivyo tulivyomzika.

Mama mjane, binti, na wewe mjukuu uliyekua kwa maziwa ya Shangazi, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mshonaji, pole na wewe, maana jirani naye hufiwa.

Nasi tuliobaki, tuzunguke siku moja tukaitazame nyumba yetu kutoka kwa jirani. Tuone tumemwelekezea nini. Na kama pengine tunamkasirikia mtu kwa shida iliyoanzia kwenye wema wake, tuingie uani kwake tukatazame.

Mnaokwenda leo kuwapa pole, wasikilizaji wapendwa, mlango wa uani una makomeo mawili. La chini lina pini. Fungeni yote mawili.