Sista Marieta, Mkono wa Daktari wa Kwenye Kioo

Nina miaka sabini na nane. Nimezika wenyeviti wanne wa kijiji na mbwa sita wa ulinzi, na mapaa mawili ya zahanati hii yameondoka na upepo mimi nikiwa nimesimama palepale getini. Sista Marieta Sebastiani, muuguzi wetu, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kuitumikia zahanati yetu ya huku Nambis miaka thelathini na miwili. Kamati ya zahanati iliomba aandike mtu aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Huyo ni mimi, Akonaay, mlinzi. Hakuna mwingine aliyejitokeza, maana wanajua.

Alifika mwaka 1993 juu ya lori la mahindi, mvua inanyesha, sanduku la bati kichwani. Nilimfungulia geti. Bila mimi angelowa zaidi. Aliniamkia shikamoo kabla hajashuka vizuri, nikajua huyu amelelewa.

Kabla yake akina mama wa huku walijifungulia nyumbani, wengine shambani. Sista alizunguka nyumba kwa nyumba akigombeza, na aliowagombeza ni waume. Mimi pia nilipata zamu yangu, ingawa mke wangu Eva alikuwa ameshamaliza kuzaa. Asubuhi za Julai alishika kwanza birika la chai ndipo amguse mgonjwa, ili mkono usimshtue. Onesphory wa kule bondeni aliwahi kuleta mwana-mbuzi apimwe kwenye mizani ya watoto. Sista alikataa. Mbuzi mwenyewe alikuwa na afya, hata mimi niliona.

Miaka miwili iliyopita tuliletewa kishikwambi. Kila Alhamisi daktari bingwa, Daktari Bashiri, anatokea kwenye kioo kutoka hospitali kubwa ya mbali, anauliza, mgonjwa anajibu. Watu waligawanyika. Mama Hadiya mwenye duka Dongobesh alikisifu, kwa sababu hafungi duka siku nzima kwa ajili ya nauli na foleni. Wazee tulikataa. Pale kwenye benchi nilisema wazi kwamba daktari asiyekugusa ni mtangazaji wa redio. Watu walicheka, na hilo neno sasa wanalisema mpaka Gitting, lakini lilianza kwangu.

Sista Marieta hakubishana. Alisema, "Mzee Akonaay, yeye ni macho. Mkono ni mimi." Na kweli, daktari akisema bonyeza hapa, anabonyeza yeye. Akisema kuna joto? anajibu yeye. Mgonjwa anaguswa na mtu anayemjua tangu kliniki ya watoto.

Mwaka jana wakati wa masika jembe lilinikata mguu wa kulia. Kidonda hakikufunga. Nilivaa buti la mpira nikaendelea na lindo, maana geti halijilindi. Sista alipita mara moja, akarudi, akasimama, akavuta pumzi kwa pua.

"Vua."

"Sista, mimi niko kazini."

"Hata mguu wako ulikuwa kazini. Vua kabla haujastaafu peke yake."

Alipouona alikwenda kuleta kipimo. Alipima sukari, ikawa juu. Barabara ya Mbulu ilikuwa imekatwa na maji, gari haliendi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Akaniingiza chumba cha kishikwambi.

Daktari Bashiri alitokea. Kijana, hata ndevu hazijakaa. Akaniangalia, akasema, "Mzee, unaumwa nini?" Basi. Hakuna shikamoo. Nilichukua kofia yangu nikatoka. Mtu asiyeniamkia simuoneshi hata ukucha.

Sista alinifuata mpaka uani. "Jamani mzee, ameamkia! Mtandao umekula shikamoo!"

"Basi uitapike."

Mke wangu Eva alikuwa ameleta uji. Akasema, "Huyu nimekaa naye miaka hamsini, Sista. Hatarudi humo ndani. Leta toroli."

Wakanipakia kwenye toroli la kubebea saruji, wanawake wawili, wakanisukuma mpaka juu kwenye tangi la maji ambako mtandao unashika. Mimi niliongoza njia na kushika mwavuli. Sista alikuwa na miaka hamsini na tisa na magoti yake hayamsaidii, lakini hakupumzika njiani hata pale nilipomshauri. Kule juu kioo kiliganda, kikaganduka, shikamoo tatu zikaja kwa mpigo. Nikaitikia marahaba tatu, kila moja na yake. Ndipo nikatoa mguu.

Daktari akasema bonyeza kisigino. Sista akabonyeza. Sikusikia kitu. Akasema bonyeza juu zaidi. Sikusikia. Sista akamwangalia daktari, daktari akamwangalia Sista, mimi hawakuniangalia. "Huu mguu uje leo," alisema daktari. "Kesho nitakuwa naukata gotini."

Sista ndiye aliyepiga simu mpaka likapatikana trekta la kunivusha kwenye maji, na ng'ambo gari likasubiri. Alikaa pembeni yangu kwenye tela, kanishika kifundo njia nzima. Kule hospitali Daktari Bashiri alinishika kwa mikono yake mwenyewe, na maneno aliyosema ni yaleyale ya kwenye kioo. Walichukua kidole kidogo. Mguu walibakiza. Msimamo wangu juu ya vishikwambi haujabadilika, ila sasa kila Alhamisi nakwenda, kwa sababu Sista alisema niende.

Alhamisi iliyopita hakushika mguu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akamwachia muuguzi mpya, Theodory. Daktari akasema bonyeza, kijana akabonyeza mahali pasipotakiwa. Sista alibaki palepale mlangoni. Nilimwonesha mimi mwenyewe panapotakiwa, maana huu mguu naujua. Akashika vizuri. Nilipogeuka mlangoni, Sista alikuwa ameshaondoka kwenda kuonana na wajawazito.

Sista Marieta, kwa niaba ya zahanati, kijiji na geti, tunashukuru. Nenda ukalime viazi vyako Gitting, magoti yapone, na ukiugua ukapate wa kukushika. Maisha yako ya mbele yawe mazuri na marefu, ingawa kunifikia mimi utahitaji bidii.

Haya niliyoandika anayajua mke wangu Eva, aliyesukuma toroli upande wa kushoto. Anayajua Daktari Bashiri, ambaye sasa ananiamkia vizuri. Na asiyewaamini hao, mguu upo hapa getini kila siku, una vidole vinne. Aje auone kwa macho yake. Picha situmi.